Mwaka wa Levina Wawili

Simu iliita saa nne asubuhi nikiwa nasahihisha mitihani ya wanafunzi wangu. Namba ngeni. Sauti ya mwanamke ikanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa, Dokta," kisha ikasema bila kuzunguka, "Pendo ametutoka jana. Tunazika kesho saa saba." Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya ofisini, "Samahani mama, nadhani umekosea namba. Simjui Pendo yeyote mimi." Nilisikia watu wakiongea nyuma yake na mtu akigonga nguzo ardhini, turubai linafungwa. "Unamjua," akasema. "Mmelala chumba kimoja mwaka mzima. Mimi ni Levina. Ulinipa chai." Nikaiweka kalamu nyekundu chini. Namba yangu nilimwandikia kwa mkono wangu, kwenye kipande cha karatasi ya daftari, miaka kumi na kitu iliyopita, nikamwambia kukitokea lolote anipigie. Sikudhani angekitunza. Nilimwandikia ili aondoke akiwa na furaha, basi.

Nimeshavuka arobaini. Ninafundisha historia chuo kikuu, pale pale Chimwaga niliposomea, na kila mwaka nawaambia vijana wa mwaka wa kwanza kwamba hati ikiletwa mbele yako usiiamini kwa sababu ina muhuri, uliza imeandikwa na nani na alikuwa anaficha nini. Wanaandika haraka haraka. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi naficha nini. Mtu ambaye angeweza kufungwa kwa haya nitakayoyasema alishazikwa zamani, na Pendo naye ndiyo hivyo, kwa hiyo nasema. Majina ya watu na kijiji nimeyavuruga. Ubaya wangu nimeuacha kama ulivyo, na msomaji akinichukia katikati ya ukurasa, sawa tu, mimi nilianza kabla yake.

Mwaka ule wa tatu wa chuo tulipanga chumba cha uani kwa Mama Kulwa, Area D. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama simtanki, sakafu ya saruji iliyopasuka katikati, na mlango wa bati ambao upepo wa mchana uliupiga mpaka tukauwekea tofali. Vitanda viwili, meza moja, jiko la mchina kwenye kona, na ukutani picha tuliyopiga siku ya kwanza ya muhula, mimi nimebinua mdomo, yeye amesimama wima kama mtu wa pasipoti. Yeye, mwenzangu wa chumba, ndiye Levina. Namwita Levina kwa sasa kwa sababu ndivyo nilivyomjua: msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya, anayecheka kwa kuziba mdomo kwa kiganja. Alipika yeye. Mimi nilikuja Dodoma nikiuona mlenda ni makamasi na nikasema hivyo mezani, mbele yake, akacheka tu akasema, "Subiri njaa ikushike." Njaa ikanishika. Alikuwa na mlenda mkavu wa unga kwenye kopo la maziwa, anaukoroga na karanga, ugali wa uwele pembeni, kambale mkavu wa Bahi akivunjwavunjwa juu yake, na mimi niliyekuwa najidai nikawa nalamba vidole. Sijawahi kula vile tena. Nimejaribu kupika mwenyewe, nimeagiza hotelini, haiwi.

Mama Kulwa alikuwa karani wizarani, na kila jioni akichambua mchele uani aliongea na jirani yake kupitia ukuta. Alidhani bati halipitishi sauti. Ndiyo nikasikia, mwezi wa kwanza tu, "Yule mrefu amelelewa. Shikamoo yake inatoka moyoni. Huyu mwingine, mh, anakusalimia kama anakupa zawadi." Jirani akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimelala kitandani na kitabu kifuani, na Levina alikuwa anaosha vyombo hatua tatu kutoka kwangu, amesikia kila neno. Akaanza kugonganisha masufuria ili nisisikie mengine. Mtu mwingine angempenda kwa hilo. Mimi nilimchukia kwa hilo zaidi kuliko nilivyomchukia Mama Kulwa, kwa sababu Mama Kulwa alinisema tu, yeye alinihurumia.

Na darasani ndiyo usiseme. Mimi nilikuwa mtu wa kukesha na madondoo, nakariri, naandika kwa rangi tatu. Yeye alisoma kitu mara moja, anakaa kimya kwenye semina mpaka watu wamechoka kubishana, halafu anasema sentensi mbili na mhadhiri anavua miwani. Idara ingebakiza mwanafunzi mmoja awe mkufunzi msaidizi. Nafasi moja, ajira ya serikali, kusomeshwa mpaka udaktari. Kila mtu alijua ni yeye au mimi. Siku moja nilikuwa nimesimama nje ya ofisi ya mkuu wa idara nasubiri kusaini fomu, mlango uko wazi nusu, nikamsikia anamwambia mwenzake, "Sabina mchapakazi sana, sikatai. Lakini Levina ana akili." Lile neno mchapakazi lilinikaa kooni wiki nzima. Nikirudi chumbani namkuta ameniwekea chakula changu kwenye sahani, ameifunika na sahani nyingine.

Kulikuwa na vitu vidogo ambavyo nilikuwa naviona bila kuvielewa. Mtu akimwita kwa nyuma, "Levina!", alichelewa kugeuka. Hata akiitwa na mtu anayemdai madaftari, alitembea hatua mbili tatu kwanza. Simu za nyumbani kwao alizipokea nje kwenye simtanki, kwa Kigogo, sauti ya chini, na akirudi anasema "wanawasalimu" na hakuna zaidi. Likizo ya Krismasi nilimwambia, "Safari hii nipeleke kwenu, nikaone hao kambale wakiwa hai," akasema barabara imekatika, mwaka ule Bahi maji yalikuwa yamejaa kweli, lakini maji yalipokauka akasema kuna msiba, na msiba ulipoisha akasema bibi anaumwa. Nikadhani anaona aibu nyumba yao ya tembe. Ikanipa raha kidogo kudhani hivyo.

Halafu mwezi wa nne, mchana, Levina yuko maktaba, mimi niko peke yangu nimejifunga khanga nafua soksi, nikasikia hodi. Alikuwa mwanamke mwembamba, ana mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono, ndala zimejaa vumbi. Nilidhani anauza mboga. "Namtafuta mdogo wangu," akasema. "Pendo. Nimeambiwa anakaa hapa." Nikamwambia hapa hakuna Pendo, ajaribu nyumba ya tatu, kuna wauguzi wamepanga. Akawa anageuka kuondoka, na lau ningekuwa nimefunga mlango dakika moja mapema, mimi leo ningekuwa nafundisha sekondari Manyoni na Pendo angekuwa ndiye dokta. Lakini alitupa jicho ndani, akaiona picha ukutani, uso ukafunguka. "Si huyu hapa!" Nikamwambia huyo anaitwa Levina. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyetajwa mahali ambapo hakutarajia. Nikamuuliza, "Kwani wewe, dada, unaitwa nani?"

"Levina," akasema.

Nilimkaribisha ndani mbiombio. Nikamwekea kiti, nikachemsha chai ya maziwa, nikaenda dukani kununua mkate na siagi, mimi ambaye nilikuwa sinunui hata chumvi. Watoto nikawapa biskuti. Nilimbembeleza yule mama kwa upole ambao sijawahi kumpa mgonjwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno, nami nikamsaidia kila alipokwama, nikimtolea neno kama ninavyowatolea wanafunzi waoga mpaka leo. Akanieleza bila kujua kwamba ni siri, au tuseme alijua ni siri lakini alidhani mtu anayelala chumba kimoja na Pendo lazima anajua. Yeye ndiye aliyefaulu darasa la saba, akachaguliwa kidato cha kwanza. Lakini ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia zizini kwa baba yake, akaozwa kabla shule hazijafunguliwa. Mtendaji wa kijiji akaanza kuja na mgambo kuuliza mbona Levina hajaripoti shuleni, na kumwoza mwanafunzi ni jela. Baba yake akatazama huku na huku, akamwona Pendo, binti wa mdogo wake, yatima, aliyekuwa ameachia darasa la tano ili achunge mbuzi. Umri unakaribiana. "Akamvalisha sketi yangu," Levina akasema. "Sketi nilikuwa nimeshashonewa. Akamwambia, kuanzia leo wewe ni Levina, ukikosea mimi nafungwa."

Nikamuuliza kama iliwahi kumuuma. Akafikiri, akavunja mkate akamlisha mtoto. "Mimi niliolewa. Yeye akasoma. Siku akileta matokeo baba alikuwa anaita watu wanywe togwa, wanasema Levina amefaulu. Mimi nawatengea vikombe." Alikuja mjini kwa sababu yule mkubwa wa watoto alikuwa anaumwa sikio, alitaka mdogo wake ampeleke hospitali. Nikampeleka mimi. Nikapanga foleni naye mpaka saa tisa, nikamsindikiza stendi, nikamwandikia namba, nikamwomba asimwambie Pendo kwamba amefika maana ana mitihani, ataumia kwamba hakumpokea. Akaniombea baraka dirishani. Niliporudi, Levina wangu alikuwa ameshapika. "Umeshinda wapi leo, mwenzangu?" Nikasema, "Nilikuwa na mgonjwa."

Ningeweza kwenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara. Sikwenda, na isidhaniwe ni huruma. Ilikuwa raha. Mtu aliyekuwa ananipita kwa kila kitu, ghafla nimemshika mkononi na yeye hajui, anacheka, ananiwekea chakula, na mimi nachagua lini nimkunje. Nikaanza kumuuliza vitu. "Levina, shule ya msingi mlikuwa mnafanyia mtihani wa la saba darasani kwenu au mlihamia shule nyingine?" Anasema, "Darasani kwetu." Kesho yake naulizia mwalimu wa hisabati wa la saba alikuwa nani. Anataja. Wiki nzima ikapita, namuuliza tena, anataja mwingine. Nilikuwa naona mishipa ya shingo yake inasimama, nami naendelea kupaka mafuta miguuni, natulia.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita nikamwandalia sherehe ya kuzaliwa. Tarehe niliiona kwenye fomu yake ya usajili, tarehe ya yule mwingine bila shaka, na mwenyewe hakuikumbuka kabisa, aliamka siku hiyo akafagia kama siku zote. Wenzetu sita wakaja mchana kutoka Chimwaga, wamebeba ndoo. Mnajua wanachuo walivyo, mtu akizaliwa anamwagiwa maji, na Dodoma mwezi wa sita kuna baridi ile ya upepo inayopasua midomo. Nilimwita nje, "Levina, njoo uone!", wakammwagia ndoo tatu, ya nne nikamwagia mimi. Wakapiga makofi, wakaimba, keki ikaletwa imeandikwa LEVINA kwa rangi ya waridi. Mama Kulwa mwenyewe alitoka kutazama. Yule binti alisimama anatetemeka, nguo zimemganda, anaitazama ile keki kwa namna ambayo wenzetu waliiona ni furaha. Nikasema kwa sauti, "Sasa atusimulie! Siku uliyozaliwa ilikuwaje? Mama alikuambia nini?"

"Alisema kulikuwa na mvua," akajibu.

"Mvua? Dodoma? Mwezi wa sita?" Watu wakaangua kicheko, mmoja akasema labda alizaliwa Bukoba. Nami nikacheka, huku namtazama machoni bila kuyaondoa macho yangu. Hapo ndipo alipojua kwamba najua. Alikata keki, akamlisha kila mtu kipande kwa mkono wake kama desturi, na aliponifikia mimi kidole chake kilikuwa cha baridi sana mdomoni mwangu.

Walipoondoka, jua bado liko juu ya simtanki, aliingia ndani amejifunga khanga mbili, akakaa chini sakafuni, siyo kitandani. "Umejua lini?" Nikamwambia tangu mwezi wa nne. "Na umenyamaza?" Nikasema, "Mimi si rafiki yako?" Jamani, alilia! Alishika miguu yangu. Alisema, "Sabina, nisitiri. Nikikamatwa, baba mkubwa anafungwa, na Levina watoto wake watalala njaa, mahari wataidai." Halafu akaniambia kwamba miaka tisa hajaitikia jina lake mbele ya mtu asiyekuwa wa kwao, na kwamba mara nyingine akiwa anaoga anajiita mwenyewe kwa sauti ndogo ili lisipotee. Nikamwinua. Nikamkausha nywele kwa taulo langu. Nikamwambia, "Pendo, tulia. Mimi na wewe tu." Na aliposikia naliita lile jina, alinitazama kwa uso ambao mpaka leo nikiwa kwenye foleni ya benki au kanisani unanijia, inabidi nitazame chini.

Kuanzia siku ile, mlango ukifungwa nilimwita Pendo. Alibadilika. Alikuwa anaimba akipika. Alinisimulia mbuzi wake kwa majina, alinisimulia jinsi alivyoingia kidato cha kwanza bila kujua kugawanya sehemu, akajifunza chooni kwa daftari la kuazima. Alinisahihishia utafiti wangu wote wa mwisho, sura ya tatu aliiandika upya yeye, na ndiyo iliyonipa alama. Wiki sita zile zilikuwa nzuri. Sitaki mtu aniambie nilikuwa naigiza, kwa sababu sikuwa naigiza. Nilimpenda, na bado nilifanya.

Siku tuliyomaliza mtihani wa mwisho nilipita idarani kurudisha kitabu. Katibu wa idara, mama mmoja mcheshi, akaniambia kwa nia njema kabisa, "Mwambie rafiki yako asisafiri, wanataka kumpa ile nafasi." Nikamwambia hongera zake, nitamwambia. Nikapanda bajaji kurudi Area D na njiani nikatunga. Haikuchukua muda. Nilimkuta anapepeta mchele, kwenye jiko kuna mchuzi wa perege, siku ile alitaka tule wali kwa kumaliza. Nikafunga mlango nikaweka tofali.

"Pendo, wamejua."

"Nani?"

"Chuo. Nimekuta barua usajili, kuna mtu wa kwenu ameandika. Wameshaita polisi. Kesho asubuhi wanakuja hapa, na baba yako mkubwa wanamfuata kijijini."

Hapakuwa na barua. Hapakuwa na polisi. Hakuna mtu chuoni, mpaka leo ninapoandika, aliyewahi kumshuku. Sikuwa nimejiandaa kwa maswali, nilidhani ataniuliza barua imesema nini, imesainiwa na nani, na nilikuwa na majibu mabovu. Hakuuliza hata moja. Alizima jiko kwanza. Kisha akachukua begi, akatia nguo, na vyeti vyake vyote vilivyokuwa kwenye bahasha chini ya godoro akaviacha. Nikamwambia, "Vyeti?" Akasema, "Hivyo si vyangu." Nilimsindikiza mpaka stendi, nikamnunulia maji na maandazi, na pale mlangoni mwa basi akanikumbatia akaniambia, "Mungu akulipe, Sabina. Ungekuwa mtu mwingine angeniacha nikamatwe." Nikarudi nikaupika ule mchele, nikala na samaki wake, maana nilikuwa na njaa.

Baada ya siku tatu nikatangaza kwamba Levina amepotea. Nililia kwa Mama Kulwa, nikalia idarani, nikaenda kutoa taarifa kituoni, wenzetu wakaunda kamati na mimi ndiye mwenyekiti. Tulibandika picha yake stendi, sokoni, kwenye mbao za matangazo za chuo. Watu wakaniuliza kwao ni wapi hasa, nikasema aliwahi kutaja Kondoa, basi vijana wawili wakapanda basi mpaka Kondoa wakazunguka siku mbili kwenye vumbi. Nilimtafuta kila mahali isipokuwa mahali alipokuwa. Jioni moja nikamsikia Mama Kulwa kwa jirani yake, "Huyu anayelia, mimi machozi yake siyaelewi. Mtu akifiwa anasahau kula. Huyu amenenepa." Nikahama mwisho wa mwezi.

Matokeo yalipotoka Levina alikuwa wa kwanza. Siku ya mahafali jina lake lilisomwa, kiti kikawa kitupu, watu wakasimama kumpa heshima wakidhani amekufa. Idara ilisubiri mwezi mmoja na nusu, kisha wakaniita mimi. Nikiwa mwajiriwa nimewahi kuiona shahada yake kwenye kabati la hati zisizochukuliwa, karatasi nzuri, nzito. Na barabara ya Bahi nimepita sijui mara ngapi nikienda Singida kwenye usahili na semina. Gari hupunguza mwendo pale wanawake wanapouza mchele na samaki, wanakimbilia dirishani na sinia. Mimi hupandisha kioo.

Safari hii nilikishusha, nikauliza njia ya msibani. Kijana wa bodaboda akanitangulia. Turubai, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, moshi wa masufuria nyuma ya nyumba. Levina alinipokea, amezeeka kunishinda ingawa tunalingana, akanikumbatia bila kulia. Akanieleza kwamba Pendo aliolewa na mkulima wa mpunga, akazaa watatu, alianguka akiwa kwenye jaruba, presha. Mchungaji akaja na karatasi, Levina akasema, "Huyu ndiye wa kusoma wasifu. Sauti yake ya darasani, na ndiye rafiki yake wa mjini." Sikupata nafasi ya kukataa. Nikasimama pembeni nipitie kwanza. Kuzaliwa, ndoa, watoto, ubatizo. Na katikati, mwandiko wa mtu mzima anayebana herufi: *Marehemu hakubahatika kupata elimu.*

Nikamwonyesha Levina kwa kidole. "Hii siyo kweli, dada."

"Kwa serikali aliyesoma ni mimi," akasema, wala hakunitazama. "Wazee wamekaa wamesema iwe hivyo. Watoto wake hawajui. Alikuwa anawafundisha hesabu usiku na mchana, wakimuuliza amejulia wapi, anasema kwa mbuzi."

Nilikuwa na kalamu kwenye mkoba. Ningeweza kufuta mstari mmoja na kuandika mwingine, mtu aliyewashinda wote Chimwaga, na nani angenizuia, Dokta mzima? Lakini ukishawaambia watu kwamba alisoma, wa kwanza atauliza aliishia wapi, na wa pili atauliza kwa nini. Nikasimama mbele ya jeneza, nikasoma kama ilivyoandikwa, taratibu, kwa sauti inayofika nyuma. Nilipofika pale sikuharakisha wala sikukwama. "Marehemu hakubahatika kupata elimu." Wanawake wakaguna kwa huruma, kama wanavyofanya, na mzee mmoja akatikisa kichwa. Nikaenda kwenye mstari unaofuata.

Tulipotoka kaburini niliwekwa kwenye kiti chini ya kivuli cha nyumba, mgeni wa heshima, na binti wa miaka kumi na minne hivi, mrefu, ana mwanya, akaja na birika la maji na beseni. Akapiga goti, akasema shikamoo. Hakumwaga maji mara moja. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Samahani, mama. Mama yetu alikuwa anasema ana rafiki yake Dodoma ambaye siku moja alimwokoa, asingekuwa yeye angefungwa. Kila tukisali jioni alikuwa anamtaja. Hakutuambia alimwokoa na nini. Ni wewe?"

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Ni mimi."

Alinishukuru. Akanimwagia maji mikononi taratibu, mara mbili, akanipa taulo, akaniletea sahani ya ugali na mlenda na kipande kikubwa cha samaki, kikubwa kuliko cha mchungaji. Akasimama pembeni akisubiri kuona kama nimekipenda chakula. Nikala nikamaliza, nikamwambia ni kitamu.